Franga Ziko Mfukoni, Mtoto Anavimba Miguu

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Shabunda. Hatutaji jina, maana nyumba za namna hii ziko nyingi.

Siku ya posho baba ameshuka kutoka mgodini. Ameuza koltani yake, ana franga. Ananunua mchele uliokuja na ndege kutoka Bukavu, sukari, makayabu, chupa za sukre kwa watoto, na pombe kwa ajili yake na marafiki. Siku ile nyumbani ni sikukuu. Siku ya tatu franga zimekwisha. Baba anarudi kwenye shimo. Mama anabaki na bugali, na sombe yenye chumvi tu. Wanaendelea hivyo mpaka posho nyingine.

Kisha mama anaona mtoto wake wa miaka miwili hachezi tena. Anakaa mahali pamoja, analialia, hataki kula. Nywele zimegeuka nyekundu-nyekundu, zinang'oka bila nguvu. Miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Jirani anapita na kusema: "Mtoto wako amenona kweli!" Hapana, jirani. Huo si unono. Hiyo ni bwaki.

Je, namna gani franga na njaa zinaweza kukaa katika nyumba moja? Ndiyo habari yetu ya mwezi huu.

BWAKI NI NINI?

Jina la bwaki linajulikana sana katika Kivu. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, waganga walianza kuichunguza na kuitunza zamani, tangu wakati wa Wabelgiji. Dunia inaiita kwashiorkor. Jina hilo linatoka kwa watu wa Ghana, ambako mganga mama Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huo katika miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake anakuja.

Angalia vile wazee wa Ghana walivyoona sawasawa. Mtoto alikuwa ananyonya, alikuwa mzima. Mama amepata mimba nyingine, mtoto ameachishwa ghafula, amepewa bugali peke yake. Tumbo linajaa, lakini mwili haujengwi. Kuhara, minyoo na surua zinamaliza nguvu kidogo zilizobaki.

Usifikiri ni jambo la nyumba moja au mbili. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika Kongo yote mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kupita umri wao. Mwili ulikosa chakula bora siku nyingi, ukaacha kukua. Na mtoto ambaye hakukua vema katika miaka miwili ya kwanza, akili yake pia inaweza kuumia, naye atapata shida shuleni.

Mama, ukiona miguu yote miwili ya mtoto imevimba, usingoje. Usijaribu kumjaza chakula kingi nyumbani, maana mwili wake umechoka na unaweza kushindwa. Mpeleke kwenye kituo cha afya siku ile ile. Muuguzi atampima mkono kwa mkanda wa rangi. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, mkono wenye mzunguko chini ya milimita 115 ni hatari kubwa.

KWA NINI HAPA KWETU?

Shabunda ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, zaidi ya kilometa za mraba 25,000. Pori ni kubwa, mvua haikosi, mto Ulindi unapita. Muhogo, ndizi, mpunga, karanga, mawese, vyote vinaota. Basi tunakosa nini?

Tukumbuke tulikotoka. Unajua kwa nini watu wa mashariki ya Kongo wanaita Jumamosi siku ya posho? Ni kwa sababu wakati wa makampuni ya Wabelgiji mfanyakazi alipewa chakula chake cha juma: unga, maharagi, samaki, chumvi, mafuta. Chakula kilitoka kwa kampuni. Kazi ya mtu ilikuwa kuchimba.

Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI, ambayo ilichimba kasiterite hata hapa kwetu, kule Lulingu. Mwaka 1985 bei ya kasiterite ilianguka duniani, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 ikafungwa. Posho ikafa, lakini mawazo ya posho hayakufa. Mpaka leo vijana wengi wanafikiri kwamba chakula ni kitu kinachonunuliwa siku ya kupata mali, si kitu kinachotoka katika shamba.

Halafu koltani ilipanda bei sana mwaka 2000. Vijana waliacha jembe, walimu waliacha chaki, wote wakaenda kuchimba. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, na jembe lilikuwa limeota kutu. Mwaka 2014 na 2015 mashine za kunyonya dhahabu zilifika juu ya Ulindi, na mbio zikaanza tena.

Tuseme ukweli pia juu ya vita. Katika vita ya 1998 mpaka 2003 wamama wengi wa Shabunda walishambuliwa wakienda mashambani au wakirudi. Baadaye watu wa silaha hawakukosa porini. Mama anayeogopa shamba la mbali si mvivu. Ameona mambo. Kwa hiyo mashauri ya gazeti hili hayaanzi na shamba la mbali. Yanaanza nyuma ya nyumba.

MUHOGO HAUTAKI HARAKA

Chakula chetu kikubwa ni muhogo. Ni chakula chema, unavumilia udongo mbaya, unangoja chini ya ardhi mpaka unapouhitaji. Lakini muhogo mchungu una sumu ndani yake, nayo ni sianidi. Wazee wetu walijua kuiondoa: kuloweka siku nyingi, kuponda, kuanika. Shida inaingia pale tunapokimbia.

Sikilizeni habari ya Bandundu, upande wa magharibi wa Kongo. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa ajabu katika Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu haimtii. Anatembea kwa vidole, magoti yakigongana, kama mnyama aliyefungwa kamba. Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Unashika hasa watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Hauna dawa. Aliyelemaa amelemaa.

Miaka mingi baadaye wachunguzi walifahamu mambo. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, muhogo ukawa biashara. Wanunuzi walitaka mizigo upesi. Mahali pa kuloweka siku tatu, watu waliloweka siku moja tu. Sumu ilibaki ndani ya unga. Na kwa sababu muhogo uliuzwa lakini samaki na nyama hazikununuliwa, mwili ulikosa kitu cha kupigana na sumu ile. Maana mwili wetu unavunja sianidi kwa msaada wa vyakula vya kujenga mwili. Anayekula muhogo mbichi-mbichi, bila samaki wala nyama wala maharagi, amekosa mara mbili.

Usiseme: "Kwango ni mbali." Mwaka 2011 waganga waliandika juu ya konzo katika Burhinyi, teritware ya Mwenga, jirani yetu kabisa. Kule pia vita na umaskini vilikuwa vimewaharakisha watu.

Na katika migodi, haraka ndiyo sheria. Wachimbaji wana njaa, mama anayeuza unga anataka kufika kabla ya wengine. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa muhogo, neno hilo ni la kweli kabisa. Fanya hivi:

1. Menya muhogo, uloweke siku tatu au nne, mpaka uwe laini kabisa mkononi. Siku ya kwanza haitoshi, na ya pili haitoshi. Usiloweke pale watu wanapochota maji ya kunywa.

2. Uponde na kuuanika vizuri. Mvua ya Shabunda tunaijua. Kama jua halitoki, kausha juu ya moto, lakini usipunguze siku za maji.

3. Ukinunua unga ambao huujui, kuna njia nyepesi. Weka unga katika beseni, tia alama pale unapofika. Ongeza maji na kukoroga mpaka unga uliolowa ufike tena kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka safi, wembamba usiozidi upana wa kidole. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Pika bugali siku ile ile. Wamama wa kijiji cha Kay Kalenda, huko Bandundu, walifundishwa njia hii mwaka 2010, na konzo mpya haikuonekana tena katika muda ule wa uchunguzi.

4. Sombe nayo ina sumu ile ile. Itwange sana, uichemshe vya kutosha, bila kufunika chungu mwanzoni.

SAHANI YENYE MAFUNGU MATATU

Chakula bora si chakula cha bei. Ni chakula kilichochanganywa. Katika kila sahani tutafute mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vyakula vya kutia nguvu: bugali, mchele, ndizi, viazi, na mafuta. Fungu hili hatulikosi. Kosa letu ni kudhani kwamba limetosha.

Fungu la pili ni vyakula vya kujenga mwili: maharagi, karanga, soja, samaki, ndagala, mayai, nyama. Hapa ndipo sahani ya mgodi inapolemaa. Lakini angalia kilicho karibu. Viwavi vikavu, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chakula cha kujenga mwili. Kumbikumbi nazo zinajenga mwili. Kijana aliyerudi kutoka Bukavu anacheka bibi yake anayekula viwavi, halafu anatoa franga nyingi kwa samaki wa mkebe. Nani mwenye akili hapo?

Fungu la tatu ni vyakula vya kulinda mwili: sombe, lengalenga, matembele, majani ya maboga, papai, ndizi tamu, machungwa, avoka. Na mafuta yetu mekundu ya mawese yanabeba vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Lakini wamama wengi wanayachoma mpaka yanakuwa meupe kwanza. Ukifanya hivyo, rangi imekufa, na vitamini imekufa pamoja nayo. Yatie mekundu, mwisho wa kupika.

Kwa mtoto mdogo: miezi sita ya kwanza ziwa la mama peke yake, hata maji hapana. Tangu mwezi wa sita, uji pamoja na ziwa, mpaka afike miaka miwili au zaidi. Na uji usiwe maji ya muhogo na sukari! Tia kijiko cha karanga zilizopondwa, au ndagala kavu zilizosagwa, au yai, na tone la mawese. Watu wa Bukavu wanapenda masoso, yaani unga wa mahindi, soja na mtama. Tumbo la mtoto ni dogo, basi umpe mara nyingi kwa siku.

NYAMA YA PORI INAKWISHA

Zamani mwindaji alitoka asubuhi na kurudi jioni na mnyama. Siku hizi anatembea siku nyingi. Kambi za wachimbaji zinakula pori, na risasi za vita zimelimaliza. Katika upande wa tambarare wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambao unaingia hata Shabunda, sokwe wakubwa wamepungua sana. Tena mnyama aliyeokotwa amekufa porini anaweza kuleta magonjwa makali kama Ebola. Usimguse, usimkate, usimle.

Mahali pa kumfuata mnyama porini, tumfuge nyumbani. Simbiliki, ambaye wengi katika Kivu ya Kusini wanamwita dende, anakula majani na maganda, anazaa upesi, anakaa ndani ya jikoni, na mtoto mwenyewe anaweza kumtunza. Katika vita watu wengi walimpenda kwa sababu hiyo: ng'ombe anaonekana na kuibiwa, dende anafichika. Kuku, bata na bwawa dogo la samaki ni njia nyingine.

Neno moja juu ya samaki na sufuria. Ikiwa unatumia zebaki kwa kukamata dhahabu, usiichome kamwe jikoni, wala katika sufuria au kikaango cha chakula. Moshi wake hauna rangi lakini unaharibu ubongo, na zaidi wa mtoto aliye tumboni. Inayomwagwa mtoni inaingia katika samaki, na samaki anarudi mezani.

KWA WAKUBWA: CHUMVI, SUKARI NA CHUPA

Wababa na wamama, sahani ya wakubwa nayo inahitaji kutengenezwa. Damu kupanda na ugonjwa wa sukari si magonjwa ya matajiri wa Bukavu tu.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kidogo kimoja kwa chakula chote cha siku. Makayabu yalowekwe na kumwagwa maji mara mbili tatu. Kube za kutia ladha zina chumvi nyingi. Mahali pake tumia kitunguu, nyanya, pilipili. Chumvi kidogo tunayotumia iwe yenye yodi, maana nchi za mbali na bahari zinakosa yodi. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu kilijulikana duniani kwa watu wenye shingo zilizovimba kwa sababu hiyo. Ifunike vizuri, isikae karibu na moto.

Sukari: chupa ya sukre haijengi damu, hata kama ni nyekundu. Inajaza sukari tu. Kiu ya mgodini inatulizwa na maji yaliyochemshwa.

Pombe kali, kama lotoko na kanyanga, inakula ini, inakula franga, na mwisho inakula chakula cha watoto.

TUANZE WAPI?

Hakuna mtu anayegeuza sahani yake siku moja na kudumu. Atachoka, atarudi. Anza kidogo, jambo moja kila mwezi.

Mwezi wa kwanza: siku tatu za maji kwa muhogo, bila kupunguza. Haiombi hata franga moja.

Mwezi wa pili: bustani ndogo nyuma ya nyumba. Lengalenga inavunwa baada ya majuma machache tu. Panda na matembele, mpapai, na maharagi kando.

Mwezi wa tatu: hakuna bugali bila fungu la pili. Karanga kiganja kimoja kinatosha kuanza.

Mwezi wa nne: dende jike wawili na dume mmoja.

Mwezi wa tano: punguza chumvi, kube na sukre.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwisho wa mwaka utaona katika ngozi ya mtoto.

FRANGA YA BABA NA CHUNGU CHA MAMA

Mashauri haya yote yatakufa tukiyaacha kwa mama peke yake. Katika nyumba nyingi baba anashika franga na mama anashika chungu, na vitu hivi viwili havizungumzi. Baba, siku ya kuuza madini, kabla ya kufika kwa marafiki, pitia sokoni. Nunua maharagi ya juma zima, mafuta na ndagala. Hiyo ndiyo posho, na kampuni sasa ni wewe. Kinachobaki, zungumza na mama yao.

Tena, tuache desturi ya kumpa baba samaki mzima na watoto mchuzi. Baba amekwisha kukua. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wanaojengwa, wapewe kwanza.

Nanyi vijana, mnakumbuka Danieli na wenzake watatu katika Babeli. Waliwekewa chakula cha meza ya mfalme, wakaomba mboga na maji kwa siku kumi. Habari ile haisemi kwamba nyama ni dhambi. Inatuonyesha vijana waliokuwa mbali na kwao, wenye meza iliyojaa mbele yao, lakini wakaamua wenyewe kitakachoingia kinywani. Kijana wa mgodi naye yuko mbali na kwao, na meza ya mgodi inamwita. Anaweza kuamua.

Tumrudie yule mtoto wa mwanzo. Akifikishwa mapema kwenye kituo cha afya, atapewa maziwa ya dawa na chakula cha kumrudishia nguvu, na mara nyingi anapona. Miguu inashuka, anacheka tena. Lakini siku moja atarudi nyumbani. Atakuta nini katika sahani? Swali hilo muuguzi hawezi kulijibu. Ni letu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KUNDI LA VIJANA

1. Juma hili tulikula fungu la pili siku ngapi?

2. Muhogo wetu uliloweka siku ngapi? Na ule tunaonunua sokoni, tumemwuliza anayeuza?

3. Siku ya kupata franga, nani nyumbani anaamua zitumikeje?

4. Kuna nafasi gani nyuma ya nyumba yetu ambayo haina kitu?